Wenza Njiani: Namna ya Kuizunguka Ghuba ya Speke Taratibu, Kuanzia Lamadi

Basi la Mwanza kwenda Musoma likifika Lamadi halikai sana. Abiria wa Bariadi wanashuka kubadilisha gari, wachuuzi wanakimbilia madirishani na samaki wa kukaanga na maji ya chupa, kondakta anapiga bodi, safari inaendelea. Walioketi upande wa ziwa wanaona maji kwa mbali, kisha yanapotea nyuma ya mashamba. Maelfu ya watu wamepita hapa maisha yao yote bila kukanyaga ufukwe hata mara moja, na wengi wao ni mume na mke waliokuwa wakiwahi msiba, harusi au mnada.

Lamadi inastahili zaidi ya dakika hizo. Ni mji wa njia panda katika wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Magharibi yake ni Ghuba ya Speke, mkono wa Ziwa Victoria ulioingia nchi kavu kuelekea mashariki. Upande wa pili ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na lango la Ndabaka liko kando ya barabara kuu, kaskazini kidogo ya mji. Kusini, lami inakwenda hadi Mwanza, mwendo wa kilomita zipatazo 120. Kaskazini inapita Bunda na kuishia Musoma na Sirari. Mashariki kuna Bariadi, kilomita kama 72 za lami. Ziwa, mbuga, visiwa na miji midogo vyote vimekaa ndani ya mwendo wa nusu siku.

Kwa wenza wanaotaka siku chache za kuwa pamoja, mbali na kelele za nyumbani, njia hii inatosha. Haihitaji ndege wala likizo ya mwezi mzima. Inachohitaji ni kubadili tabia moja: kuacha kusafiri kwa lengo la kufika.

Wasafiri wengi hukosea hapo. Wenza hupanga kulala Musoma usiku wa kwanza, Mwanza usiku wa pili, Ukerewe usiku wa tatu, wakamaliza safari wakiwa wameiona dashibodi zaidi kuliko walivyoliona ziwa. Anayeendesha amechoka, aliyeketi pembeni amenuna, na picha zote zimepigwa vituo vya mafuta. Kanuni nzuri kwa barabara hii ni kutozidi kilomita 120 au 130 kwa siku, na kuhakikisha kila siku ina vituo viwili vya maana, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Mchana wa jua kali uwe wa kula na kupumzika.

Majira nayo yanahesabika. Masika huwa Machi hadi Mei, na vuli hushika Novemba na Desemba. Barabara kuu ni ya lami na hupitika mwaka mzima, lakini njia za pembeni zinazoshuka ziwani, na zaidi zile za ndani ya hifadhi, zina udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hugeuka utelezi na kunasa magurudumu. Juni hadi Septemba ni kipindi cha raha: ardhi kavu, anga safi, asubuhi za ubaridi. Kipindi hicho pia ni msimu wa pamba katika Usukuma, kwa hiyo malori yaliyosheheni marobota na matrekta yasiyo na taa huwa mengi. Dereva mwenye busara huwa amekwisha kuegesha gari kabla giza halijaingia.

Kabla ya kuondoka, gari likaguliwe na fundi anayeaminika: breki, matairi, taa, maji ya rejeta. Spea tairi iwe na upepo, jeki iwepo, pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto viwe mahali pa kufikiwa upesi. Katika maeneo ya makazi mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wenye tochi wanajua mahali ambapo madereva husahau. Zaidi ya faini, vijiji vya barabara hii vimejaa watoto wa shule, baiskeli zenye mizigo ya mkaa, bodaboda na makundi ya ng'ombe yanayokwenda kunywa maji. Kati ya Lamadi na Bunda kuna jambo la ziada: hifadhi imeikaribia barabara, na wanyamapori huonekana kando ya lami. Tembo nao huvuka kwenda mashambani mwa watu, hasa usiku. Hapo si pa kukimbiza gari, wala si pa kushuka kupiga picha.

Jioni ya kwanza ibaki Lamadi. Kwa kuwa mji uko mwisho wa mashariki wa ghuba, anayesimama ufukweni anatazama magharibi, na jua linazama majini mbele yake. Machweo hayo huwa kati ya saa 12:30 na saa 1 jioni. Wenza wafike mapema, wakati wavuvi wanapotengeneza nyavu na mitumbwi imevutwa nchi kavu. Salamu ziende kwanza, kamera baadaye. Asubuhi Wasukuma husalimiana "mwangaluka", na alasiri "mwadila". Mgeni anayejua maneno hayo mawili, akaongeza "mayu" kwa mama mtu mzima au "baba" kwa mzee, hupokewa kwa namna nyingine kabisa na anayeuliza bei bila kusalimu.

Chakula cha jioni kiwe samaki, na ni vizuri wenza wamchague wenyewe. Sato aliyevuliwa siku hiyo ana macho maangavu yaliyojaa, hayajatumbukia wala hayajawa meupe. Ukifunua mashavu yake, ndani ni mekundu. Ukimbonyeza kwa kidole, nyama hurudi mahali pake. Mama anayekaanga humpara magamba, humtoa matumbo, humchanja chale tatu au nne kila ubavu, akampaka chumvi hadi ndani ya chale, halafu akamwacha kidogo achuje maji. Mafuta katika karai lazima yawe yamechemka sawasawa, vinginevyo ngozi inaganda chini. Sato hugeuzwa mara moja tu. Akitoka, mkia unavunjika kama biskuti na nyama ya mgongoni bado ina majimaji. Ugali wa mahindi au wa muhogo, kachumbari, ndimu, pilipili, basi. Wanandoa waliokula sahani moja mbele ya ziwa wameanza safari vizuri.

Tahadhari moja ya ufukweni haina mjadala: kuoga ziwani. Ziwa Victoria lina kichocho, ugonjwa unaoletwa na vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya binadamu. Hatari ni kubwa zaidi penye matete na maji yaliyotulia, na hapo hapo ndipo viboko na mamba hupenda kukaa. Wenza waulize wenyeji, wasifuate mawazo ya kuingia maji kwa sababu tu yanapendeza. Aliyekwisha kuoga aende kupima wiki kadhaa baadaye, maana dawa ipo na hutolewa katika vituo vya afya. Usiku chandarua ni lazima, kwa sababu kanda hii ina malaria.

Siku ya pili wenza wana njia mbili. Wanaopenda wanyama waingie Serengeti kupitia Ndabaka, na siku nzima itengwe kwa kazi hiyo. Ukanda huu wa magharibi unapitiwa na mito Mbalageti na Grumeti, na Grumeti inajulikana kwa mamba wake wakubwa. Nyumbu wanaohama hufika upande huu kwa kawaida kati ya Mei na Julai. Miezi mingine wapo swala, pundamilia, twiga, nyati na ndege wengi wa majini. Waingie asubuhi lango linapofunguliwa, tanki la mafuta likiwa limejaa, na gari liwe lililoinuka juu kutoka ardhini. Viingilio kwa raia wa Afrika Mashariki ni nafuu sana kuliko vya wageni kutoka nje, lakini kitambulisho kiwe mkononi, na malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, kwa hiyo salio la simu au kadi ya benki liandaliwe mapema. Kukodi gari lenye dereva anayejua njia za hifadhi mara nyingi ni rahisi kuliko kuharibu gari la familia.

Wanaopenda miji na historia washike njia ya kusini. Barabara inapita Nyashimo, makao makuu ya wilaya ya Busega, kisha inaingia Magu; njia hii pia inavuka mto Simiyu ulioupa mkoa jina. Magu ni mahali pa kunywa chai na kununua matunda. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, inafaa kununuliwa kwa wingi: haiharibiki, inatafunwa njiani, na ikirudishwa nyumbani huchemshwa pamoja na karanga.

Katika wilaya hiyo ya Magu, kando ya ghuba, kuna Kageye, kijiji ambacho wasafiri wengi hawakijui. Mwezi Machi 1875 msafiri Henry Morton Stanley aliondoka hapo na mashua yake ya Lady Alice, akalizunguka Ziwa Victoria lote, akarudi mwezi Mei. Safari hiyo ndiyo iliyowathibitishia wachora ramani wa Ulaya kwamba hili ni ziwa moja, jambo ambalo wavuvi wa Usukuma na Ukerewe hawakuhitaji kuambiwa na mtu. John Hanning Speke, ambaye ghuba ina jina lake, alikuwa ameliona ziwa kutokea upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Wenza wenye nafasi waulize njia pale Magu mjini na waende na mwenyeji.

Kituo kikubwa cha siku hiyo ni Bujora, Kisesa, kabla ya kuingia Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefanya kazi hapo kuanzia miaka ya 1950. Jengo la ngoma za watemi limepewa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake kuna ngoma zilizotoka katika falme mbalimbali za Usukuma. Kanisa la mviringo lililo jirani limefuata umbo la nyumba ya Msukuma. Wenza wachukue mwongozaji, kwa sababu vitu vya hapo vinazungumza kupitia mtu anayevijua: jembe, mkuki, vifaa vya waganga, mavazi ya wachezaji. Wakiweza kupanga safari mwezi Juni, wanaweza kukutana na Bulabo, sherehe inayofuata sikukuu ya Ekaristi, ambapo vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza ngoma mbele ya umati mkubwa. Hapo huchezwa bugobogobo, ngoma ya majembe, na wachezaji wa nyoka pia huonekana.

Kabla ya katikati ya jiji kuna Igoma, mahali walipozikwa wengi waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Ni kituo cha dakika chache na kimya.

Mwanza yenyewe ni jiji la mawe. Nyumba zimepanda vilima katikati ya miamba, na majini karibu na kivuko cha Kamanga limesimama Jiwe la Bismarck, mwamba uliokaa juu ya mwingine, lililobaki na jina la kansela wa Ujerumani tangu enzi za ukoloni. Jioni wenza waende Capri Point kwa miguu, wakitembea polepole kando ya maji. Asubuhi inayofuata ni ya Saanane.

Kisiwa cha Saanane kina historia ndefu kama bustani ya umma. Kilipewa jina la mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi hapo. Mwaka 1964 serikali ilikigeuza kuwa bustani ya wanyama, ya kwanza ya umma nchini, mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, miongoni mwa ndogo kabisa Tanzania. Boti huondokea Capri Point na safari ni ya dakika chache. Kisiwani kuna njia za kutembea kati ya miamba, vivuli vya miti, pimbi wanaoota jua juu ya mawe, swala, kenge na ndege wa aina nyingi. Kuna sehemu za kukaa na kula chakula mlichobeba. Kwa wanandoa ambao wiki nzima wamezungumza kuhusu ada za shule na bei ya mbolea, saa tatu za kutembea bila gari wala simu zina kazi yake. Waende asubuhi kabla ya jua kali, wavae viatu vinavyoshika, na takataka zao zirudi nao mjini.

Wakiondoka Mwanza, wenza wenye siku za ziada wanaweza kupinda magharibi na kuvuka Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Hata kwenda na kurudi tu ni safari nzuri ya nusu siku. Wengine warudi kaskazini, walale tena Lamadi au Bunda, halafu wachague kati ya kisiwa na mji wa Musoma.

Kisiwa ni Ukerewe. Gari hutoka Bunda kupitia Bulamba hadi Kisorya, ambako kivuko huvusha watu na magari hadi Rugezi, na kutoka hapo Nansio si mbali. Ukerewe ni nchi ya michungwa, muhogo, vilima vya mawe na baiskeli nyingi. Kwa wanandoa ina sababu ya pekee ya kutembelewa: ni nyumbani kwa Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, riwaya ndefu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, waliotenganishwa na wakwe kwa kukosa mtoto na mume akaenda kumfuata mkewe. Toleo la Kiswahili, alilolitafsiri mwenyewe, lilitoka miaka ya mwanzo ya 1980, mwandishi akiwa mwishoni mwa uhai wake. Wenza wakikisoma kitabu hicho kabla ya safari, wataziona njia za kisiwa kwa macho mengine. Anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza kufika kisiwa cha Ukara kuona jiwe linalocheza.

Habari za vivuko ziangaliwe siku moja kabla, kwa simu au kwa kuuliza Bunda mjini, kwa sababu ratiba hubadilika kwa matengenezo na hali ya ziwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Kivuko kilichojaa kupita kiasi kiachwe kiondoke. Ndani ya chombo, abiria washuke garini, wajue maboya ya kujiokolea yalipo, na mitumbwi isiyo na maboya isipandwe hata kama nauli yake ni rahisi.

Wanaochagua Musoma watapita Butiama. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa hapo tarehe 13 Aprili 1922 na kuzikwa hapo Oktoba 1999, na makumbusho yanayobeba jina lake yalifunguliwa Julai mwaka huohuo. Musoma ni mji tulivu uliokaa kwenye rasi, maji karibu kila upande, wenye fukwe za kukaa jioni na dagaa wanaoanikwa kwenye mawe. Wenye pasi na hamu ya bustani zaidi wanaweza kuvuka Sirari hadi Kisumu, yenye hifadhi ndogo ya swala kando ya ziwa, au siku nyingine wakafika Entebbe, ambako bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898 imeshuka hadi majini. Kwa safari hizo gari litahitaji bima ya Kadi ya Njano ya COMESA.

Jambo la wakwe lisiachwe njiani. Ukipita kijiji cha wazazi wa mkeo bila kuingia, habari zitawafika kabla hamjafika mnakokwenda, na furaha yote ya safari itageuka kesi. Wenza waamue mapema: ama wapange siku maalumu ya kuwaona wazee, wakiwa na sukari, sabuni na kitenge cha mama mkwe, ama wapige simu kuwajulisha kwamba safari hii ni fupi na watarudi rasmi. Kinachoudhi ni kupita kimyakimya. Vilevile, safari ya wawili ibaki ya wawili. Shangazi na watoto wa kaka wana haki yao, nayo ipangiwe safari nyingine.

Fedha zigawanywe mafungu kabla ya kuwasha gari: mafuta, malazi, chakula, viingilio na dharura. Fungu la dharura lishikwe na asiyeshika mengine. Nyumba za kulala wageni zipo katika kila mji uliotajwa, za bei zote. Chumba kikaguliwe kabla ya kulipa: maji, kitasa, chandarua, maegesho yenye mlinzi. Kama wote wawili wana leseni, wapokezane usukani kila baada ya saa mbili. Kama ni mmoja tu, mwenzake asilale. Yeye ndiye wa kuangalia njia, kupokea simu na kumkumbusha dereva kupumzika.

Kwa wenza wa Lamadi, Nyashimo na Bariadi, hatua ya kwanza ni ndogo kuliko wanavyodhani. Chagueni Ijumaa moja kati ya Juni na Septemba, waacheni watoto kwa bibi yao, pelekeni gari kwa fundi siku ya Jumatano, au kama hamna gari pandeni basi la asubuhi. Ijumaa jioni ufukweni Lamadi, Jumamosi Bujora na Capri Point, Jumapili asubuhi Saanane, na kabla ya giza mko nyumbani, ingawa wa Bariadi siku hiyo wataivuka ile kanuni ya kilomita. Musoma na Ukerewe wekeni likizo inayofuata.